Mbona mmea wa ukutani haugeuki mwekundu? Dalili, visababishi na tiba kwa bustani za joto

Rangi ya njano na rangi nyekundu hazitoki mahali pamoja, na makosa mengi ya kutambua tatizo huanzia hapo. Njano imo ndani ya jani tangu linapochipua, ila imefunikwa na umbijani, yaani rangi ya kijani ya jani (klorofili). Siku zikifupika na usiku ukipoa, mmea huvunja umbijani, hurudisha naitrojeni yake kwenye shina na mizizi, na njano iliyokuwa imejificha huonekana. Nyekundu haikuwapo. Hutengenezwa upya katika wiki za mwisho za uhai wa jani, kwa sukari iliyomo ndani yake, na katika mimea ya kutambaa ukutani, kama mizabibu na jamaa yake Parthenocissus, haitengenezwi vizuri bila jua kulipiga jani lenyewe. Rangi hiyo huitwa anthosianini.

Usiku una kazi yake pia. Usiku wa joto jani hupumua kwa nguvu na kuteketeza sukari iliyotengenezwa mchana. Usiku wa nyuzijoto 5 hadi 10 sukari hiyo hubaki na kugeuka rangi. Ukishuka chini ya 0 seli hufa, na jani huwa kahawia.

Basi jua, sukari na ubaridi wa usiku: katika kila tatizo lililoelezwa hapa, ama kimojawapo kimekosekana, ama jani limekufa kabla ya zamu yake, ama limegeuka kwa sababu ni gonjwa.

Kabla ya kuanza kutibu, hakikisha kwamba wakati umefika. Kalenda huweka majira ya kupukutika kati ya Septemba na Novemba kaskazini mwa ikweta, na kati ya Machi na Mei kusini, lakini bustani za joto huchelewa. Mmea ambao bado ni kijani mwanzoni mwa Novemba (au mwanzoni mwa Mei kwa upande wa kusini) huenda hauna kasoro yoyote. Mpe wiki nne au sita.

Majani yamebaki kijani hadi yakadondoka, au hayakudondoka kabisa

Anza na mahali ulipo, maana hapo hakuna mbolea itakayokusaidia. Kwenye latitudo ya nyuzi 34, siku fupi kuliko zote huwa na mwanga wa takriban saa 10 na ndefu kuliko zote saa 14 na nusu. Mmea unapata taarifa ya wazi kwamba msimu unageuka. Kwenye mstari wa tropiki tofauti hiyo ni kama saa 3 tu. Kwenye ikweta ni saa 12 mwaka mzima, na taarifa haiji. Mwinuko husaidia nusu ya jambo: kila mita 1000 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 6.5, kwa hiyo milimani usiku hupoa vizuri, lakini siku hazifupiki. Matokeo yake ni mmea unaochipua juu huku majani machache ya zamani yakigeuka chini. Mzabibu wenyewe ni ushahidi: katika tropiki haulali kwa hiari yake, ndiyo maana wakulima huupogoa na kuvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Kwa hiyo pima. Tundika kipimajoto kinachoweka kumbukumbu ya joto la juu na la chini, kivulini nyuma ya mmea, na usome kila asubuhi kwa wiki tatu unapotarajia rangi. Iwapo usiku hauteremki chini ya nyuzi 15 hata mara moja, tatizo lako ni hali ya hewa. Ruka hadi sehemu ya mwisho. Iwapo usiku kadhaa unafika 10 au chini na majani bado ni kijani kibichi, kisababishi kimo bustanini, na kwa kawaida ni kimojawapo cha hivi.

Naitrojeni nyingi mno. Hiki ndicho cha kwanza kushuku, hasa mmea ukiwa kando ya ukoka unaowekewa mbolea. Mizizi ya mmea wa kutambaa hufika mita kadhaa kutoka shinani, na chakula cha ukoka inakila pia. Dalili zake: majani makubwa kuliko kawaida, kijani kizito, na vichipukizi laini vinavyoendelea kurefuka wakati vingepaswa kuwa vimesimama na kukomaa kuwa mti. Acha naitrojeni ya aina zote, samadi mbichi ikiwemo, wiki 10 hadi 12 kabla ya rangi kutarajiwa. Kwenye udongo wa kawaida mmea uliokwisha kushika hauhitaji zaidi ya ndoo moja ya mboji iliyoiva, mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa machipuko. Uliokwisha kuwekwa hautoki kwa siku moja. Msimu huu huenda umepotea, ujao utakuwa na nafuu.

Maji mengi mwishoni mwa kiangazi. Umwagiliaji wa mashine uliopangwa saa zake mwezi wa joto kali na kusahaulika huuambia mmea uendelee kukua. Punguza pole pole: kutoka mara moja kwa wiki hadi mara moja kwa siku 10, kisha 14. Usikate ghafla, kwa sababu ambazo zitafuata.

Taa. Majani yaliyo karibu na taa ya barabarani au taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha hubaki kijani wakati mengine yamegeuka. Utambuzi wake ni rahisi, kwani kijani hicho huwa kimezunguka taa. Weka kihisi mwendo au kifuniko kinachoelekeza mwanga chini.

Umri mdogo. Mche wa mwaka wa kwanza au wa pili hukimbilia kupanda na hauna haraka ya kulala. Uvumilie.

Kupogoa kwa kuchelewa. Ukikata wiki sita au nane kabla ya msimu, mmea hutoa vichipukizi vipya, na majani hayo machanga hayatakuwa na muda wa kugeuka. Pogoa mmea ukiwa umelala, kisha punguza kidogo mwanzoni mwa kiangazi ikiwa umezidi mipaka, halafu weka mkasi chini.

Yamegeuka njano badala ya nyekundu

Chukua jani moja lililokuwa limefunikwa nusu na jani jingine na uligeuze kwenye mwanga. Kwenye Parthenocissus utaona mara nyingi umbo la jani la juu limechorwa juu ya la chini: nje ya kivuli ni nyekundu, ndani ya kivuli ni njano au kijani, na mpaka kati yao ni mkali kabisa. Hilo ndilo jibu. Mmea unao uwezo wa kuwa mwekundu, umekosa jua. Ukuta unaopata jua la moja kwa moja chini ya saa 4 au 5 utatoa njano, waridi hafifu, au mchanganyiko. Kata matawi ya miti yanayoweka kivuli, au punguza tabaka za mmea wenyewe wakati wa kupogoa, usiache majani yalundikane kwa unene wa mkono mzima. Mahali pa kivuli pasipobadilika, Parthenocissus henryana, yenye mishipa ya rangi ya fedha, huonyesha mchoro wake vizuri zaidi kivulini kuliko juani na hugeuka nyekundu huko pia.

Kama kila jani ni njano, hata yaliyo juani, angalia jina la mmea. Wisteria, Campsis, Celastrus na Hydrangea petiolaris njano ndiyo rangi yao. Hakuna la kurekebisha.

Kama ni mche uliooteshwa kwa mbegu, bahati nasibu imechezwa tayari. Vitis coignetiae, ule mzabibu wa Asia ya Mashariki wenye majani yanayofika sentimita 30, hauoti mizizi kirahisi kwa pingili, kwa hiyo mara nyingi huuzwa kutokana na mbegu, na mche mmoja huwaka moto wakati jirani yake unabaki kuwa wa njano chafu. Nunua miche hii wakati wa rangi yenyewe, ukiitazama. Ushauri huu unaweza kukuokolea miaka mitano.

Kama nusu ya mmea ni nyekundu na nusu ni njano, fuata tawi la njano hadi chini. Mizabibu mingi hubebeshwa juu ya mche mwingine, na mche huo wa chini ukichipua chini ya kiungo, matawi yake hufuata tabia yake yenyewe. Yang'oe kwa mkono yakiwa bado machanga. Ukiyakata kwa mkasi yatachipua tena kutoka kwenye vikonyo vilivyobaki.

Njano inayoanza kiangazi ni habari nyingine. Ikiwa majani machanga ya nchani ndiyo ya njano na mishipa yake imebaki kijani, mmea umekosa chuma, na chini ya ukuta hilo ni la kawaida: mabaki ya saruji na chokaa ya ujenzi hupandisha pH (kipimo cha asidi na ualkali wa udongo) hadi chuma kilichomo udongoni kisiweze kunyonywa. Pima pH. Ikipita 7.5, tumia cheleti ya chuma (chuma kilichofungwa ili mizizi iweze kukinyonya) aina ya EDDHA kwa kipimo cha kwenye pakiti. Aina ya EDTA haifanyi kazi kwenye pH hiyo. Ondoa vifusi unavyoviona.

Kingo zimekauka kabla rangi haijaja

Hili ndilo tatizo kubwa la bustani za joto. Jani lililoungua nusu mwezi wa joto kali halitengenezi sukari ya kutosha, na hata likigeuka litakuwa na pindo la kahawia. Kuna visababishi vitatu vinavyofanana, na utavitofautisha kwa kutazama mahali palipoungua.

Majani ya upande mmoja tu, ule unaokabili upepo au ukuta unaorudisha joto: ni upepo na joto. Ukuta wa bati au wa rangi nyeusi unaotazama jua la alasiri huchoma majani na pia huzuia vishikizi kung'ang'ania. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kwa kuweka waya au fremu mbele ya ukuta, hewa ipite. Parthenocissus tricuspidata hujibandika yenyewe kwa visahani vya gundi, kwa hiyo mbele ya bati ni heri kupanda mzabibu juu ya waya.

Majani ya zamani ya chini, kingo zote, na tabaka jeupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa chungu: ni chumvi, ya maji ya kisima au ya mbolea. Ikiwa maji yanapenya vizuri, mwagilia mara moja kwa kiasi cha mara tatu ya kawaida ili chumvi isukumwe chini ya mizizi, na usirudie mbolea ya viwandani msimu huo.

Mmea mzima, pamoja na kunyauka mchana: ni ukame. Usiamini uso wa udongo. Chimba kishimo cha sentimita 30 na uguse. Mara nyingi juu pana unyevu wa dakika tano za bomba, na chini pamekauka kuwa vumbi. Udongo ulio chini ya ukuta hupata mvua kidogo kwa sababu paa na ukuta wenyewe huikinga, ndiyo maana mche hupandwa sentimita 40 hadi 50 kutoka ukutani na kuelekezwa kwa kijiti. Mmea mkubwa mpe lita 30 hadi 40 kwa mara moja, pole pole, kila siku 7 hadi 10 wakati wa joto. Weka matandazo ya unene wa sentimita 7, yakae mbali na shina kwa upana wa kiganja.

Kuna imani kwamba kuunyima mmea maji huuletea rangi. Ina chembe ya ukweli: ukavu kidogo mwishoni mwa msimu hupunguza ukuaji na kuongeza sukari. Ukavu wa kweli, hata hivyo, huufanya mmea ukate majani yake mapema ili ujiokoe, na ukuta unabaki mtupu wiki kadhaa kabla ya wakati. Lenga udongo wenye unyevu kidogo kwenye kina cha sentimita 30, usiwe tope wala vumbi.

Nyekundu imekuja kiangazi

Furaha ya kuona jani jekundu mwezi wa joto isikudanganye. Hiyo karibu kila mara ni dalili ya ugonjwa au jeraha, na kila kisababishi kina mchoro wake.

Tawi moja tu limegeuka, mengine yote ni kijani. Lifuate kwa vidole hadi shinani. Utakuta waya au kamba iliyofungwa miaka iliyopita imezama ndani ya gome, au pete nyembamba iliyotobolewa na mdudu kuzunguka chipukizi. Maji hupanda kupitia ndani ya mti, lakini sukari hushuka kupitia gome. Gome likikatwa, sukari hukwama majanini na jani huigeuza kuwa rangi. Kata waya huo leo. Tawi lisipopona, likate chini ya jeraha. Funga upya kwa utepe laini wenye umbo la nane, na ukague kila mwaka unapopogoa.

Kwenye mzabibu, majani ya chini yamekuwa mekundu, mishipa mikubwa imebaki kijani, na kingo zimejikunja kuelekea chini. Hivi ni virusi vya kukunja majani. Havina dawa. Husambazwa na vidung'ata, wale wadudu weupe wenye unga wanaojificha chini ya magome, na kwa pingili zilizokatwa kwenye mmea mgonjwa. Wengine huutunza mmea huo kwa sababu unapendeza. Karibu na shamba la zabibu za kula au za divai hilo si haki kwa jirani. Ung'oe pamoja na mizizi minene, na usichukue pingili.

Majani ya chini yana wekundu au unjano kati ya mishipa, kingo hazijajikunja. Hapo mmea umekosa magnesi, na mara nyingi aliyesababisha ni mwenye bustani: ameweka potasi kwa wingi akitarajia rangi, na potasi ikizidi huzuia magnesi kunyonywa. Potasi huleta nafuu pale tu ilipopungua. Nyunyizia magnesi salfeti, gramu 20 kwa lita moja ya maji, jioni, mara mbili au tatu kwa kuachana wiki mbili.

Mmea mzima umegeuka mwekundu uliofifia na majani ni madogo: mizizi ina shida. Chimba. Ukikuta udongo unaonuka na mizizi ya kahawia inayovuliwa gome lake kama soksi, maji yamesimama. Pandisha tuta au hamisha mmea ukiwa umelala.

Vitone, unga na majani ya rangi ya vumbi

Vitone vidogo vyeupe juu ya jani, na ukigusa tawi vipanzi vidogo vinaruka: vimefyonza umbijani na sukari vyote viwili. Vitone hivyo pamoja na utando mwembamba upande wa chini ni utitiri mwekundu, unaopenda ukuta wa joto na vumbi. Kwa wote wawili piga maji ya nguvu upande wa chini wa majani, kila siku 3 kwa wiki mbili; utitiri ukiendelea, tumia sabuni ya kuulia wadudu kwa kipimo cha kwenye chupa, jua likiwa limeshuka. Unga mweupe ni ubwiri unga: salfa hufanya kazi ikiwekwa mapema, na isiwekwe joto likipita nyuzi 30 kwa kuwa huunguza majani. Madoa ya kahawia ya mviringo yenye ukingo mweusi kwenye Parthenocissus ni kuvu. Zoa majani yote yaliyoanguka na usiyatie kwenye mboji.

Rangi ilikuja, ikaondoka ndani ya siku chache

Joto la ghafla na upepo mkavu hufanya hivyo, na hakuna kinga zaidi ya kuupa mmea maji kabla. Usiogope ukiona Parthenocissus tricuspidata imebaki na vikonyo vyekundu vilivyochomoza ukutani bila majani: hudondosha jani kwanza na kikonyo baadaye. Si kazi ya viwavi.

Tawi lililobanduka ukutani kwa upepo halitajibandika tena, kwa sababu visahani vikishakauka vimekwisha. Likate hadi paliposhika, litoe vichipukizi vipya.

Hali ya hewa ikikataa kabisa

Kati ya mimea ya rangi nyekundu, mzabibu wa mapambo usiozaa unaopandwa sana Australia ndio unaotegemewa zaidi mahali ambapo usiku hupoa kidogo tu. Ujaribu kabla ya kukata tamaa. Usiku usiposhuka chini ya nyuzi 15, acha majani na utafute rangi kwenye maua. Pyrostegia venusta hufunika ukuta kwa rangi ya chungwa katika miezi ya baridi ya nchi za joto. Bugainvilia hutoa rangi zaidi ikipunguziwa maji na naitrojeni, saa 6 za jua zikiwa ndio kiwango cha chini. Combretum indicum hufungua maua meupe jioni, yakawa waridi kesho yake na mekundu baadaye, yote kwenye kishada kimoja.

Tahadhari mbili za mikono. Matunda ya Parthenocissus yana asidi ya oksaliki na hayaliwi, na utomvu wake huwasha baadhi ya watu, kwa hiyo vaa glavu. Na kama uko Amerika ya Kaskazini, hesabu vijani kabla ya kugusa mmea mwekundu uliojiotea: Parthenocissus quinquefolia ina vijani vitano kwenye kikonyo kimoja, ilhali Toxicodendron radicans, mmea wa sumu unaobabua ngozi, ambayo nayo hugeuka nyekundu ya kuvutia, ina vitatu, na malengelenge yake hudumu wiki kadhaa. Miche michanga ya tricuspidata nayo huweza kutoa vijani vitatu, hivyo usipokuwa na hakika, usiguse wala usichome moto; moshi wa Toxicodendron hudhuru mapafu.